JE, MNYAMA NI MWALIMU WA MZAZI?



Neno tunalowaandikia leo halikuzaliwa katika vitabu. Lilizaliwa katika kikao cha jamaa moja. Tuliitwa, sisi wazee wawili wa kanisa, kusikiliza maneno ya papa mmoja aliyemtoa ndani ya parsele yake mtoto wa miaka 8, yatima wa marehemu ndugu yake. Siku zile kazi ya papa huyu ilikuwa imesimama, mtoto wake mwenyewe alikuwa mgonjwa, na katika kikundi kimoja cha maombi mtu alikuwa amesema ya kwamba yatima huyu ni mlozi. Tukamwuliza papa: "Umemfukuza mtoto wa ndugu yako?" Akatujibu bila hasira: "Wazee, tazameni kuku. Kifaranga asiye wake humdonoa. Tazameni tai. Humwacha mtoto wa pili afe, ili wa kwanza apone. Nani aliyewaumba hivyo? Si Mungu? Basi mimi nami nimefuata njia aliyoiweka."

Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Tulisema tu, "Papa, mtu siyo kuku," naye akacheka. Alikuwa na haki ya kucheka, kwa maana Maandiko yenyewe yanatutuma kwa wanyama. Mezali sura ya 6 inamtuma mvivu kwa chungu akajifunze kazi. Bwana Yesu, alipouhurumia mji wa Yerusalema, alijifananisha na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mabawa (Matayo 23). Kama tunaruhusiwa kujifunza kwa kuku na kwa chungu, mbona tukatazwe kujifunza kwa tai? Ulizo hilo lilitusumbua usiku mwingi. Tuliona ni vema kwanza kutazama wanyama kwa kweli, jinsi wanavyozaa na jinsi wanavyolea, halafu ndipo tujibu.

1. HESABU YA ZIWANI

Tuanzie katika ziwa Tanganyika, maana ndugu zetu wa Kalemie, Moba na Uvira wanalijua. Kila mtu amekula ndagala. Ndagala hutaga mayai yake mengi katika maji ya wazi, kisha huenda zake. Hajui mtoto wake ni nani. Huishi karibu mwaka mmoja au kuzidi kidogo, na wengi wa watoto wake huliwa kabla hawajakua. Lakini kwa sababu mayai ni mengi sana, wachache wanaobaki wanatosha kujaza nyavu za wavuvi usiku wa taa.

Katika ziwa lilelile yuko samaki anayeitwa kuhe. Yeye naye hutaga mayai kwa maelfu, lakini hayaachi. Dume na jike wote wawili husimama juu ya mayai, na baadaye juu ya kundi la watoto, na kumfukuza kila adui anayekaribia.

Tena wako samaki wadogo wanaokaa penye mawe ya pwani, ambao wataalamu huwaita Tropheus. Jike wa samaki hao hutaga mayai makubwa na machache, hata makumi mawili hayafiki, na huyatunza ndani ya kinywa chake karibu mwezi mzima. Watoto huanguliwa mle kinywani. Mama akila kidogo, chakula kile huwafikia wao.

Tazameni basi, ziwa moja na njia tatu. Kwa nini? Kwa sababu nguvu za mwili zina mpaka. Anayetoa mayai elfu hawezi kuweka yote elfu kinywani. Anayeweka kinywani lazima atoe machache. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Trivers, aliliandika jambo hili mwaka 1972. Alisema, kwa maneno yetu sisi, ya kwamba chochote mzazi anachompa mtoto mmoja ili apate kuishi, kinapunguza kile anachoweza kuwapa watoto wengine. Wamama wa soko hawakungoja mtaalamu ili kulijua neno hilo. Wanalijua kila mara wanapogawanya bukari katika sahani sita.

2. WALE WANAOZAA MMOJA

Tutoke ziwani, tuingie msituni. Okapi, mnyama wa Ituri ambaye Mungu amelipa Kongo peke yake, hubeba mimba miezi 14 na zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Siku za kwanza mama humficha mtoto katika majani, naye hukaa kimya kwa wiki nyingi, mama akija kumnyonyesha na kuondoka. Tembo hubeba mimba karibu miezi 22. Ngagi, ndiye gorila wa milima yetu ya Kivu, hunyonyesha mtoto miaka mitatu au minne, na kwa hiyo hazai tena mpaka karibu miaka minne ipite. Hata mamba, ambaye sisi sote tunaogopa kinywa chake, jike lake hulinda mayai karibu miezi mitatu. Anaposikia watoto wakilia ndani ya mchanga huwafukua, na huwabeba kwa meno yaleyale mpaka majini bila kuwaumiza.

Lakini aliyetushangaza zaidi ni hondohondo, ndege yule mwenye mdomo mkubwa. Wakati wa kutaga, jike huingia katika shimo la mti, na mlango huzibwa kwa udongo na uchafu mpaka hubaki ufa mwembamba tu. Mle ndani hutaga na kuatamia. Dume hubaki nje, na kila siku huleta matunda na wadudu na kuvipitisha katika ufa ule. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na kwa hondohondo wakubwa wa msituni huweza kufika miezi mitatu na zaidi. Dume akiuawa na mwindaji, njaa huingia ndani ya mti.

Wapapa wenzetu, tusimame kidogo hapa. Hondohondo huyu hawezi kuwa na biro ya pili. Midomo iliyofungiwa ndani ya mti mmoja inamtosha. Wako kati yetu wanaume wanaopanda mbegu katika kartie tatu, na kila mahali wanasema, "Mungu ndiye mleaji." Watu hao wamechukua njia ya ndagala, lakini mtoto waliyemzaa siyo mtoto wa ndagala. Mtoto wa ndagala huanza kuogelea peke yake. Mtoto wa mtu hupita karibu mwaka mzima kabla ya kusimama.

3. UKWELI ULIO MCHUNGU

Mpaka hapa mahubiri ni rahisi. Tungeweza kusema: mfuateni hondohondo, Amina, na kufunga kitabu. Lakini huko kungekuwa kumdanganya yule papa, kwa maana mambo aliyosema juu ya tai ni kweli.

Yuko tai mweusi anayekaa katika majabali ya Afrika. Mara nyingi hutaga mayai mawili. Kinda la kwanza hutangulia kuanguliwa kwa siku chache, na la pili linapotokea, la kwanza hulidonoa mpaka karibu kila mara hulifisha. Mzazi yuko pale na haingii kati. Yai la pili lilikuwa kama akiba, likasaidia tu kama la kwanza lingeharibika.

Ngagi naye, tuliyemsifu, ana upande wake wa giza. Dume mgeni anapopata jike aliyekuwa wa dume mwingine, huweza kumwua mtoto mchanga anayenyonya, na jike akiisha kuacha kunyonyesha hupata mimba upesi, mimba ya dume yule mpya. Na katika ziwa Tanganyika yuko samaki mwenye ndevu anayechanganya mayai yake na ya wale wanaotunza watoto kinywani. Mama mwema huyaokota yote pamoja. Watoto wa yule mgeni hutangulia kuanguliwa, na hula watoto wa mwenye nyumba ndani ya kinywa cha mama yao.

Sasa mnaona shida yetu, ndugu. Kama tunasema, "Mnyama anafanya, kwa hiyo ni halali," basi baba wa kambo anayemtesa mtoto wa mume wa kwanza amepata sheria yake kwa ngagi. Mwizi amepata sheria yake kwa yule samaki mwenye ndevu. Na kama tunachukua kwa wanyama yale mazuri tu na kuacha mabaya, ni kusema kwamba tulikuwa tunajua mema na mabaya kabla hatujawatazama. Ujuzi huo hautoki kwa mnyama. Tuliupata kwingine.

Maandiko yenyewe yanatuonya. Yobu sura ya 39 inasema juu ya mbuni anayeacha mayai yake chini, asiwahurumie watoto, na inasema wazi ya kwamba ndege huyu hakupewa akili. Mungu hamwiti mbuni mwenye zambi. Wala hamwambii Yobu amfuate. Anamwonyesha tu ukubwa wa kazi zake. Hivi tunajifunza kwamba mnyama anaweza kuwa ushuhuda bila kuwa sheria.

Hili ndilo jibu letu la kwanza kwa yule papa. Mnyama hutuonyesha GHARAMA ya kulea, lakini hatupi AMRI. Tai hafanyi zambi, kwa sababu hana njia nyingine mbele yake. Hakuna anayekuja usiku kumwuliza, "Ndugu yako yuko wapi?" Mtu ndiye anayeulizwa hivyo, tangu Kaini.

4. MTOTO WA MTU ALIUMBIWA MIKONO MINGI

Tuna jibu la pili. Hata kama tungekubali kuhesabu kama wanyama, papa yule alikosea hesabu.

Mtoto wa mtu ndiye anayelelewa muda mrefu kuliko watoto wote tuliowataja. Akiisha miaka 10 bado hawezi kujilisha. Sasa tazameni ajabu hii. Sokwe, aliye na mwili karibu na wetu, hulea mtoto karibu peke yake, na kwa sababu hiyo hungoja miaka mitano au sita kabla ya kuzaa tena. Mama wa watu huzaa mwingine wakati wa kwanza angali mdogo sana, naye hawezi kubeba wote kwa mikono yake miwili. Wanawezaje kuishi? Mtaalamu mmoja mama wa Marekani, Sarah Blaffer Hrdy, aliandika kitabu kizima mwaka 2009 kulieleza: mtu aliweza kuwa mtu kwa sababu mama hakulea peke yake. Walikuwako bibi, shangazi, dada, baba, na jirani. Na moja ya mifano inayotajwa sana na wataalamu ilitoka kwetu, kwa Waefe wa msitu wa Ituri, ambao mtoto wao mchanga hupita mikononi mwa watu wengi kila siku, hata kunyonyeshwa na mama mwingine.

Babu zetu walilijua neno hilo tangu zamani. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kazi hiyo haikuwa ya watu wawili tu. Ndugu ya baba aliitwa baba, siyo kwa heshima tu, bali kwa sababu siku baba mmoja akifa, baba mwingine yupo.

Kwa hiyo anayesema, "Huyu siyo mtoto wangu, ni wa marehemu," anahesabu hesabu ya tai, huku yeye mwenyewe alikua kwa hesabu nyingine. Nani aliyembeba siku mama yake alipokuwa shambani? Nani aliyemlipia masomo mwaka baba yake alipokosa mshahara? Alikula katika mikono mingi, na sasa zamu yake imefika anafunga mkono.

Tena kuna habari iliyotuaibisha. Mwaka 2021 wataalamu waliochunguza ngagi wa Rwanda kwa miaka mingi walitangaza ya kwamba watoto wa ngagi waliopoteza mama wakiwa wameachishwa kunyonya hawakuwa wakifa zaidi ya wenzao. Kundi liliwakaribia, na hasa dume mkubwa mwenye mgongo mweupe, ambaye waliweza kulala karibu naye usiku. Dume yuleyule anayeweza kuua mtoto wa mgeni huweza pia kuwa kivuli cha yatima. Ngagi hajasoma Maandiko. Sisi tumeyasoma.

5. NENO JUU YETU SISI WATU WA UNABII

Sasa tufike penye kidonda. Tai hamwui mtoto wake kwa uongo. Hamwiti mlozi. Mtu ndiye anayeona haya kusema, "Chakula hakitoshi," na kwa kuficha haya hiyo anatafuta neno la kiroho.

Na neno hilo analipata wapi? Ndugu, tusijifiche. Mara nyingine analipata kwetu, katika vikundi vya maombi, kinywani mwa wale wanaojiita waonaji. Sisi tunaamini ya kwamba Mungu anasema na watu wake hata leo. Kanisa letu lilizaliwa kwa imani hiyo, na hatutaikana. Lakini ni kwa sababu tunaamini unabii ndiyo maana lazima tuupime. Tunawauliza waonaji wote ulizo moja: kwa nini unabii wa ulozi huangukia karibu kila mara yatima, mtoto wa mke aliyekufa, mtoto mwenye kifafa, mtoto anayekojoa kitandani, na hauangukii mzaliwa wa kwanza wa mwenye parsele? Roho wa Mungu hapendelei watu. Unabii unaofuata hesabu ya sahani za nyumba, unaotoa nje yule yule ambaye jamaa ilikuwa imechoka kumlisha, haukutoka juu. Ulitoka katika tumbo lenye njaa.

Sheria ya nchi nayo imenena. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kuwaacha watoto na kuwashitaki kwa ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inaweka azabu. Lakini itakuwa aibu kama mtu wa Mungu anamwacha mtoto kwa kuogopa polisi tu. Bwana Yesu alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi (Matayo 18). Hakumsimamisha mlangoni.

Tunajua mtasema nini: "Wazee, maneno ni mazuri, lakini nani atalisha?" Ulizo hili ni la haki, na hatutalijibu kwa wimbo. Tulisema juu ya samaki ya kwamba nguvu za mzazi zina mpaka, na hiyo ni kweli kwa papa yule pia. Unga anaompa yatima umetoka katika sahani ya mtoto wake. Tukimwambia asimfukuze mtoto, kisha tukarudi nyumbani mikono mitupu, tumehubiri nusu ya neno. Kanisa linalokataza kufukuza lazima libebe. Kila kikundi kijue nyumba zake zenye yatima. Wamama wapeleke unga, korale itoe kitu juu ya masomo, mwenye kazi atoe franka, asiye na kazi atoe siku moja ya kulima. Mtoto mwenye kifafa apelekwe kwa muganga wa hospitali, na maombi yafuate, yasitangulie kumhukumu. Na watu wa ndoa waweke miaka kati ya mtoto na mtoto, ili kila mmoja apate haki yake ya ziwa na ya mgongo.

6. NYUMBA YA NABII

Tumalizie kwa nyumba moja ambayo kila mwamini wa Kongo anaijua. Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba mwaka 1921, akiwaambia watu waache sanamu za uganga na waache kuoa wake wengi. Katika mwaka uleule alikamatwa na kuhukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na humo alikufa tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ya kifungo. Nyuma yake alibaki Mama Marie Muilu na wana watatu, hata mkubwa wao hakuwa amefika miaka 10. Yeye aliwalea, na pamoja nao aliwalinda kwa siri waamini waliokuwa wakiteswa, mpaka alipokufa mwaka 1959.

Nyumba ile haikuwa na baba wa kuleta chakula mlangoni. Kwa hesabu ya tai, watoto wale walikuwa hasara. Lakini mama alisimama, na mikono mingi ikasimama naye. Sisi tunaojiita wana wa manabii tulitoka katika nyumba ambayo dunia iliiona haina mlezi. Tutawezaje kuwa watu wa kufukuza yatima?

Nabii Isaya, sura ya 49, anasema hata mama aweza kumsahau mtoto anayenyonya, lakini Mungu hasahau. Hakusema hivyo ili mama apate ruhusa ya kusahau. Alisema ili aliyesahauliwa ajue bado ana Baba, na ili sisi tujue Baba huyo atatuuliza.

Mtoto yule wa miaka 8 leo analala kwa mama mmoja mjane wa kanisa, mwenye watoto wake wanne. Sasa ni sahani tano. Papa yule hajarudi kumchukua. Karatasi hii itafika kwake pia, nasi tunamwambia bila hasira, kama yeye alivyotujibu bila hasira: Papa, ulitutuma kwa tai, tulikwenda na kutazama. Tai hana ndugu. Wewe unaye, na ijapokuwa amekufa, mtoto wake anakuita baba. Siku utakapokuja, hutakuja peke yako. Tutabeba mfuko wa unga pamoja nawe.

Mungu wa yatima na wajane atubariki sisi sote. Amina.